Kuni za Jirani: Baridi ya Mitwaba na Deni la Makanisa Yetu



Watu wa mbali wakisikia jina la Congo, hufikiri joto. Sisi wa Katanga tunajua jambo lingine. Kuanzia mwezi wa tano mvua hukatika, upepo mkavu huvuma, na katika mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku huingia mpaka mifupani. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa wakati huo hali ya hewa hushuka chini ya nyuzi 10. Mitwaba, zaidi ya kilomita 300 kaskazini, karibu na milima ya Kibara na nyanda za juu za Lusinga, haina nafuu yoyote. Huko nyumba nyingi ni za matofali mabichi na paa la nyasi, na mlango hauzibi vizuri. Ndugu zetu wa Masisi, wa Lubero na wa Minembwe hawahitaji kufundishwa baridi ya milimani ni nini.

Katika siku hizi tunazungumza mengi juu ya misaada. Tunahesabu magunia ya unga, maharagwe, mafuta, dawa na maturubai. Ni vizuri. Lakini mara ngapi tumesikia kanisa likihesabu kuni? Unga hauwi bukari bila moto. Maharagwe makavu yanadai saa mbili au tatu za moto kabla mtoto hajaweza kuyatafuna. Na mzee anayetetemeka usiku hawezi kujifunika kwa unga. Kwa hiyo leo tunataka kuzungumza juu ya kuni: nani anazo, nani hana, na kwa nini kumsaidia rafiki apate joto kumekuwa jambo gumu katika nchi yenye pori kubwa kama yetu.

Benchi lililokosekana

Tuna rafiki Mitwaba, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ametupita kwa umri miaka kama kumi na mitano. Ameturuhusu tusimulie habari yake bila kutaja jina. Ni mtu aliyekimbia vita mara mbili, akamzika mke wake, na sasa analea wajukuu watatu. Mshahara wake huja kwa kuchelewa, na mara nyingine hauji.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa saba, mwalimu hakuonekana kanisani Jumapili mbili mfululizo. Katika kikao cha wazee wa kanisa mmoja wetu alisema, “Mwalimu amepoa kiroho.” Hakuna aliyempinga. Tuliamua kumtembelea ili tumwonye kwa upendo.

Tulifika saa nne ya asubuhi. Tulimkuta nje, ameegemea ukuta upande wa jua, amelala usingizi mzito na kitabu cha nyimbo magotini. Wajukuu nao walikuwa wamelala kando yake juu ya mkeka. Alipoamka alitukaribisha ndani kwa aibu, nasi tukatafuta mahali pa kukaa. Benchi tulilolizoea, benchi la mbao ngumu tulilokalia katika maombi mengi, halikuwapo.

“Papa mwalimu, benchi limekwenda wapi?”

“Pasta, tulilikalia miaka kumi. Juzi lilitupatia usiku mmoja.”

Ndipo tulipoelewa. Alikuwa amelichoma. Kila usiku alikesha akichochea moto ili mjukuu mdogo mwenye kikohozi asipate baridi, na mchana, jua likitoka, ndipo wote walipolala. Kuni kavu za karibu na mji zilikuwa zimekwisha. Za mbali zilimshinda kwa sababu ya kifua chake. Za sokoni zilidai pesa, naye pesa alizokuwa nazo zilikuwa za unga. Sisi tulikuja kumtafuta mtu aliyepoa kiroho, kumbe alikuwa amepoa mwili tu. Onyo tulilolibeba tulirudi nalo.

Jumapili iliyofuata tulilisema jambo hilo kanisani bila kutaja mtu, na washiriki wakatoa. Mfanyabiashara mmoja alitoa gunia zima la makala. Tulilipeleka kwa furaha, tukaomba, tukampa mkono mwalimu, tukaondoka, maana tulikuwa na nyumba nyingine mbili za kutembelea kabla ya giza.

Usiku wa pili baridi ilizidi. Mwalimu aliwasha mbabula nje, kama kawaida, na makala yalipokuwa mekundu akaiingiza ndani ili watoto wapate joto. Akaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia kwa sababu ya upepo. Usiku wa manane mjukuu wa kati aliamka akitapika, kichwa kikimuuma. Alijaribu kutoka nje, akaanguka mlangoni. Jirani alisikia kishindo, akaja, akasukuma mlango, akawatoa wote mmoja mmoja kwenye hewa. Mwalimu alikuwa wa mwisho kupata fahamu.

Walipona wote wanne. Tunaandika neno hilo kwa shukrani, lakini pia kwa kutetemeka, kwa sababu makala yale yalitoka mikononi mwetu. Tulipokwenda kumwomba msamaha, mwalimu hakutulaumu. Alisema tu, “Makala yalikuwa mazuri, pasta. Lakini mngekaa nasi jioni moja, mngeona kwamba nyumba haina dirisha.”

Kwa nini kuni zimekuwa ghali katikati ya pori

Mtu anaweza kuuliza: inawezekanaje mwalimu achome benchi lake mahali kama Mitwaba, palipozungukwa na miti? Jibu halimo katika nyumba yake peke yake. Limo katika mambo yaliyotupata kwa miaka mingi.

La kwanza ni vita. Wasomaji wa umri wetu wanakumbuka jinsi Mitwaba, Manono na Pweto zilivyoitwa “pembetatu ya mauti.” Katika mwaka wa 2006 kiongozi wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba mikononi mwa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo. Mwaka wa 2011 alitoroka gereza la Kasapa pamoja na mamia ya wafungwa wengine, na mateso yakaanza upya. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2013 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu karibu 400,000 waliohama makao yao katika Katanga ya wakati ule, kabla jimbo halijagawanywa mwaka wa 2015.

Watu hao wengi hawakulala chini ya maturubai ya mashirika. Walilala katika nyumba za jamaa, za marafiki na za washiriki wa makanisa yetu. Nyumba iliyokuwa na watu sita ikawa na kumi na tano. Chungu kimoja kikawa vitatu, na kila chungu kilitaka moto kila siku. Mji mdogo ukipokea maelfu ya watu, kuni kavu zilizo karibu huisha katika msimu mmoja. Kisha hukatwa miti mibichi, kisha visiki. Amani ikirudi, watu hurudi vijijini, lakini miti haikui kwa haraka ya watu kurudi. Yule mzee anayebaki mjini ndiye anayelipa.

La pili ni soko. Jiji la Lubumbashi lina watu zaidi ya milioni mbili, na wengi wao hupika kwa makala. Kwa tanuri la udongo tunalolijua sote, kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Kilizobaki huenda na moshi. Kila gunia linalopita barabarani juu ya baiskeli au juu ya lori limebeba miti mingi kuliko macho yanavyoona. Zamani wachomaji walifanya kazi karibu na jiji. Sasa wanakwenda mbali zaidi kila mwaka, kwa sababu pori la miombo la karibu limekwisha. Hata Mitwaba, iliyo mbali na jiji, inajua soko hilo kwa namna yake, maana wachimbaji wa kasiteriti na dhahabu nao hupika, huota moto, na hununua.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu wachomaji wa makala. Wengi wao ni washiriki wetu. Gunia moja limelipa karo ya mtoto, jingine limelipa hospitali. Lakini tukubali jambo lililobadilika. Katika utoto wetu kuni ziliombwa kama chumvi au kaa la moto: mtoto alitumwa kwa jirani, akarudi na vijiti vitatu, na hakuna aliyeandika deni. Tangu mti ulipokuwa pesa, kuomba kuni kumekuwa sawa na kuomba pesa. Ndiyo sababu mwalimu wetu hakuomba. Kuchoma benchi usiku, mlango umefungwa, kulimwia rahisi kuliko kusimama mlangoni pa jirani akiwa mikono mitupu.

La tatu ni mipaka ya pori lenyewe. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa mwaka wa 1939, na makao yake yako Lusinga, katika wilaya hii ya Mitwaba. Hifadhi ile inalinda vyanzo vya maji na wanyama, nasi tunaiheshimu kama sehemu ya uumbaji tuliokabidhiwa. Lakini walinzi wa hifadhi na makundi yenye silaha wamepigana huko mara nyingi, na mwananchi anayetafuta mzigo wa kuni hajui atakutana na nani. Pori likiwa na bunduki, kuni huwa mbali hata zikionekana kwa macho.

La nne ni umeme. Waya mkubwa wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, wenye urefu wa karibu kilomita 1,700, ulimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulisha migodi ya shaba. Tangu wakati huo umepita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Katika miji yenyewe umeme hukatika, na unapokatika hata mwenye jiko la umeme hutuma mtoto kununua makala. Hivyo ukosefu wa umeme wa tajiri humaliza kuni za maskini.

Kivu: mzigo wa kuni na usalama wa mama

Ndugu zetu wa Kivu watasema: kwetu jambo hili ni baya zaidi. Ni kweli. Katika mwaka wa 2023, kambi za pembezoni mwa Goma zilipojaa watu waliokimbia vita vya M23, Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba waliwatibu wanawake wengi mno waliobakwa, na kwamba wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Mama alipaswa kuchagua: abaki kambini watoto walale njaa, au aingie porini akijua kinachoweza kumpata.

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza wa 2025, na Bukavu mwezi wa pili, kambi nyingi zile zimevunjwa na watu wametawanyika. Wengine wamerudi kwenye vijiji vilivyobomolewa, wengine wanalala makanisani na katika nyumba za wenyeji. Haja ya kuni imewafuata.

Kwa hiyo tunapompelekea mjane mzigo mmoja wa kuni, hatumpi moto tu. Tunamwondolea safari moja. Katika sehemu fulani za nchi yetu, kumwondolea mama safari moja ya porini ni kumlinda mwili na heshima. Shemasi anayefikiri kwamba kugawa kuni ni kazi ndogo kuliko kugawa unga na alitafakari hilo.

Maandiko yanaijua baridi

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulisoma waraka wa Yakobo kama mjadala wa imani na matendo. Tuliandika kurasa nyingi. Lakini mfano anaoutumia Yakobo katika sura ya pili tuliupita upesi: ni mtu asiye na nguo wala chakula cha siku, ambaye ndugu yake anamuaga kwa maneno mazuri, akimtakia joto na kushiba, bila kumpa kitu. Yakobo hakuchukua mfano wa mbali. Alijua kanisani kuna watu wanaosikia baridi, na kuna wengine wanaowaombea joto.

Sisi tulifikiri kwamba tumeshinda mtihani wa Yakobo, kwa kuwa tulitoa gunia zima. Sasa tunaona kwamba mtu anaweza kutoa kitu, naye bado akawa amemuaga ndugu yake tu. Tulimpa mwalimu makala, lakini hatukumpa jioni moja. Hatukuuliza nyumba ina dirisha au haina. Msaada wetu ulikuwa na haraka ya kwenda nyumba nyingine.

Linganisheni na habari ya Matendo ya Mitume sura ya 28. Meli imevunjika, watu 276 wametoka majini, mvua inanyesha, baridi ni kali. Wenyeji wa Malta, wasiomjua Kristo bado, wanawasha moto na kuwakaribisha wote. Hawakuwasha moto na kuondoka. Walikaa nao pale pale motoni, na kwa sababu walikuwapo waliona hatari ilipotoka: nyoka alitoka katika kuni. Na Paulo, mtume, mfungwa, aliyelowa kama wengine, hakuketi kungoja kuhudumiwa. Aliokota mzigo wake wa kuni, akautia motoni. Aliyesaidiwa naye alileta kijiti chake.

Tena kumbukeni mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme sura ya 17. Eliya alimkuta akiokota kuni, na alikuwa akitafuta vijiti viwili tu, kwa chakula alichodhani ni cha mwisho. Vijiti viwili! Nabii alianza kumjua mama yule pale alipokuwa anaokota kuni. Kama tungewatembelea watu wetu wakati wanapotafuta kuni, badala ya kuwangoja ibadani, tungejua mengi mapema.

“Kanisa si duka la kuni”

Tunajua jibu la baadhi ya wazee. Watasema kanisa si duka la kuni, na kwamba serikali ina wajibu wake. Upande mmoja wana haki. Mwalimu aliyelipwa mshahara wake kwa wakati hachomi benchi lake. Barabara nzuri, usalama wa vijiji, umeme usiopita tu juu ya vichwa vya watu: hayo ni madeni ya serikali, na kanisa lisiache kuyadai kwa sauti, hata mbele ya wakubwa wanaokaa viti vya mbele Jumapili.

Lakini mtoto mwenye kikohozi hawezi kungoja mpaka waya ufike Mitwaba. Usiku wa leo una baridi yake. Wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haina kalenda ya bajeti.

Tunayoweza kuanza sasa

Baada ya usiku ule, kanisa letu lilijifunza mambo kadhaa. Tunayaandika hapa kwa ajili ya makanisa mengine, wala si kwa kujisifu, maana tuliyajifunza kwa aibu.

Kwanza, tunakusanya kuni kabla ya baridi. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na moshi huo ni adui wa mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majikoni na nyumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Kwa hiyo kuanzia Pasaka kila nyumba inayoweza huleta kijiti kimoja kila Jumapili, kikawekwa chini ya paa nyuma ya kanisa. Kijiti kimoja hakimfilisi mtu. Sheria ya Musa, katika Walawi sura ya 19, iliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate. Sisi tunasema: mwenye mzigo wa kuni asichome wote.

Pili, mashemasi hutembelea jioni na kukaa. Wanaangalia dirisha, mlango na paa. Wanawafundisha watu jambo ambalo sisi tulikosa kumfundisha mwalimu: mbabula isilale ndani na watu. Makala mekundu hayana moshi, kwa hiyo mtu hufikiri hayana hatari. Kumbe yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu akiziona, afungue mlango mara moja, awatoe wote nje, kisha awapeleke kwenye kituo cha afya. Watu waote moto jioni nje au mahali penye hewa, kisha mbabula ibaki nje watu wanapolala. Kwa usiku wenyewe, blanketi moja zaidi au mawe yaliyopashwa moto na kuzungushiwa nguo ni salama kuliko makala.

Tatu, tunapunguza haja ya kuni. Maharagwe yakilowekwa tangu usiku huiva upesi. Chungu chenye kifuniko hula kuni chache kuliko kilicho wazi. Jiko la udongo lililofinyangwa vizuri, lenye kuta za kuzuia joto lisipotee, huokoa kuni nyingi kuliko mafiga matatu katika upepo. Akina mama wa kanisa wanayajua haya kuliko sisi wachungaji. Wapewe nafasi ya kuyafundisha, hata kabla ya mahubiri.

Nne, hakuna anayekwenda porini peke yake. Watu huenda kwa kundi, asubuhi, wanaume wakiwamo, na wanaume nao wanabeba. Tunajua desturi inasema kuni ni kazi ya wanawake. Desturi hiyo haikuandikwa kwenye mbao za Musa, na Paulo wa Malta hakuifuata.

Tano, tunapanda. Pori la miombo lina neema yake: kisiki kilichokatwa huchipua tena, ikiwa moto wa kiangazi hautakichoma na mtu hatakichimba. Kulinda visiki ni kazi ya bure ambayo kila kijiji kinaweza kuifanya. Tunaweza pia kupanda miti ya kuni pembeni mwa viwanja vya kanisa na vya shule. Nchi yetu ina mifano. Mampu, kwenye uwanda wa Batéké karibu na Kinshasa, ina shamba la akasia la hekta karibu 8,000, ambapo wakulima huchanganya mihogo na miti na kuchoma makala kwa zamu. Kivu Kaskazini, tangu 2007, mradi wa EcoMakala umewasaidia wakulima wadogo kupanda miti yao ili Hifadhi ya Virunga isiliwe. Kanisa lenye kiwanja kitupu lisiseme halina la kufanya.

Daftari la mwalimu

Jambo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: aibu. Tulijiuliza jinsi ya kugawa kuni bila kumfanya anayepokea ajisikie mwombaji. Jibu lilitoka kwa mwalimu mwenyewe. Alikuja siku moja akasema, “Pasta, mimi kubeba siwezi, lakini kuandika naweza. Nipeni daftari.”

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetunza kuni za kanisa. Anahesabu vijiti vinavyoingia na mizigo inayotoka. Jina la anayepokea anajua yeye peke yake na shemasi mmoja. Anayejua hali ya baridi ndiye anayegawa joto, na hatujawahi kusikia mtu akilalamika kwamba alihojiwa vibaya. Wakati wa baridi uliopita alituonyesha daftari, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Jina la kwanza lililoandikwa kati ya waliopokea lilikuwa lake.

Benchi jipya bado hana. Fundi seremala wa kanisa ameahidi kulitengeneza, nasi tunamkumbusha hapa hadharani. Tukimtembelea mwalimu tunakaa chini kwenye mkeka, mlango wazi, mbabula iko nje, na tunakaa mpaka makala yazimike.

Ndugu wapendwa wa Katanga, wa Tanganyika, wa Kivu na wa Maniema: katika kila kanisa letu yuko mtu aliyekosa Jumapili mbili. Kabla hatujasema amepoa, twende tumwone jioni, na tusiende mikono mitupu. Tukifika, tukae.

Bwana awabariki, awalinde katika usiku huu wa baridi.